Je, wajua kuna nini nyuma ya mlango wa "wafanyakazi tu" ndani ya meli ya watalii?

Meli ya watalii ikifunga gati Mombasa au ikitia nanga Zanzibar, sisi tulio nchi kavu tunaona madirisha tu, safu juu ya safu. Abiria aliyemo ndani naye hana mengi ya kutuzidi. Anaona mazulia, ngazi za vioo, bwawa la kuogelea na sahani inayomfikia mezani ikifuka moshi. Sasa chukua meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024. Ikijaa hubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350 hivi, yaani watu karibu 10,000. Viazi vya watu wote hao vinapita wapi? Taka je? Mashuka machafu? Inakuwaje abiria amalize siku 7 baharini asipishane na gunia hata moja?

Jibu liko nyuma ya mlango usio na pambo lolote, ambao abiria hupita mbele yake mara kumi kwa siku. Siku hizi kampuni nyingi za meli huuza ziara ya kuvuka mlango huo. Mnaingia wachache, mmevaa viatu vya kufunika vidole, na kwenye sehemu nyeti simu na kamera haziruhusiwi. Zamani kupanda kumwamkia nahodha kwenye usukani lilikuwa jambo la kawaida kwa abiria. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ulinzi ulikazwa kila mahali, na tangu Julai 1, 2004 kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zinazojulikana kwa kifupi kama ISPS, zinazitaka meli zidhibiti kabisa nani anaingia wapi.

Ukivuka mlango, zulia linakoma hapo hapo. Mbele yako kuna ukumbi mrefu wa chuma ulionyooka tangu omo hadi tezi, mabomba yakipita juu ya kichwa, watu wakienda na kurudi na vitoroli. Mabaharia wengi huuita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani inayoshuka pwani ya mashariki mpaka Miami, mji ambao ni kitovu cha safari hizi. Kwenye meli za Uingereza mara nyingi huitwa Burma Road. Kwa kawaida ukumbi huu uko jirani na milango ya ubavuni inayofunguliwa bandarini kupakia mizigo. Kiazi kinaingia ubavuni, kinapita ukumbini, kinashuka ghalani, na siku yake ikifika kinapanda kwa lifti ya mizigo hadi jikoni. Lifti hiyo abiria hajawahi kuiona. Taka nazo zina njia yake ya kushukia, na mashuka vivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, ufundi wa meli hizi umelala hapo kuliko kwenye mabwawa na taa. Kila kitu kimepewa njia yake, na kichafu hakiruhusiwi kukutana na kisafi.

Jikoni utaliona hilo waziwazi. Nyama, samaki, maziwa na mboga kila kimoja kina chumba chake cha baridi, na kuna chumba cha peke yake cha kuyeyushia barafu polepole, kwa sababu kuku aliyeachwa ayeyuke mezani ni ugonjwa unaosubiri watu. Mbao za kukatia zina rangi: ya nyama mbichi haiguswi na kachumbari. Meko karibu yote ni ya umeme, maana moto wa wazi katikati ya bahari ni hatari isiyo na sababu, na yamezungushiwa vizuizi vya chuma ili sufuria isiteleze wimbi likipiga. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa kiafya bila taarifa na kupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini yake imeshindwa, na matokeo yanatangazwa kila mtu asome.

Kilichonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni maji. Watu 10,000 wanaoga, wananawa, wanafuliwa na kupikiwa, na bahari iliyowazunguka ina chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Wengi hudhani meli inajaza matangi bandarini basi. Inajaza kweli, lakini sehemu kubwa ya maji meli za namna hii huyatengeneza zenyewe, zikiwa safarini mbali na uchafu wa bandari.

Njia ya kwanza ni kuyachemsha maji ya bahari na kuukamata mvuke, kwa sababu mvuke hupanda bila chumvi. Lakini kuchemsha kunakula nishati nyingi, na hapa ndipo wahandisi walipotumia akili. Aliyewahi kuchemsha chai karibu na kilele cha Kilimanjaro anajua kwamba kule maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 80 hivi, si 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndani ya mtambo wa meli pampu huinyonya hewa kiasi kwamba maji huchemka hata chini ya nyuzi 50. Sasa, maji yanayopoza injini hutoka yakiwa na nyuzi 80 au zaidi. Joto lile ambalo kwenye lori linapotea kupitia rejeta, kwenye meli linapitishwa mtamboni kuchemsha maji ya bahari. Injini inaendesha meli, na joto lake linalobaki linakunywesha.

Njia ya pili ni kuyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu kubwa mno, zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari, yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanapenya na chumvi inabaki. Yote mawili yanatoa maji matupu, yasiyo na ladha, ndiyo maana huongezwa madini na klorini kabla hayajafika bombani. Na kwa kuwa maji haya yana gharama, hayachezewi. Choo cha meli hufyonza kwa nguvu ya ombwe, ndiyo ule mlio wa ghafla unaomshtua mgeni, na hutumia lita moja hivi pale ambapo choo cha nyumbani kingemwaga sita au zaidi.

Taka zina chumba chao. Chupa hupondwa, makopo hukandamizwa, vinavyoungua huchomwa. Plastiki hairuhusiwi kutupwa baharini popote duniani, marufuku iliyoanza kutumika Desemba 31, 1988 chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari. Anayekaa pwani na kuona yanayoletwa na maji kujaa anajua kwamba sheria hiyo ilihitajika mapema zaidi.

Chini ya ukumbi mkuu, kati ya sehemu moja ya meli na nyingine, utakuta milango isiyopitisha maji. Simama karibu na mmoja uone. Ni bamba nene la chuma linalotembea kwa ubavu, likisukumwa na mafuta yanayoshindiliwa kwa pampu. Unashika wenzo, kengele inalia, taa inamulika, bamba linasogea polepole. Baharia hufundishwa asipite mpaka mlango uwe umefunguka wote, kwa sababu bamba lile halitambui kama kilichoko katikati ni mtu, na wapo waliopoteza viungo na hata maisha kwa kukimbilia upenyo. Sheria inataka nahodha aweze kuifunga yote kwa pamoja akiwa huko juu, ndani ya sekunde 60. Kazi ya milango hiyo ni kulizuia shimo moja lisijaze meli nzima, ingawa ina mpaka wake. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, ilipasuka ubavu kwa urefu uliofungua sehemu nyingi kuliko ilivyoweza kustahimili, na watu 32 walikufa. Abiria wengine walikuwa wamepanda saa chache tu kabla, hawajafanya hata zoezi la kukusanyika. Zamani zoezi hilo liliweza kusubiri hadi saa 24. Tangu Januari 1, 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka.

Chumba cha uongozi wa meli, huko juu, kina utulivu kuliko unavyotarajia. Usiku huwa giza tupu, taa zote zimefifishwa ili macho ya mabaharia walio zamu yaone mashua ndogo isiyo na mwanga. Abiria wenye vyumba vya mbele huombwa wafunge mapazia kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini ziara nyingi hazikai vya kutosha na wafanyakazi wenyewe. Wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, ndiyo maana kwenye bwalo la wafanyakazi wali haukosekani. Vijana wa Kenya nao wameanza kuingia, na wengi wa pwani yetu wanaitamani kazi hiyo. Nawashauri waijue ilivyo kabla ya kusaini: mkataba wa miezi 6 hadi 9 ni jambo la kawaida, chumba kidogo cha kulala unashirikiana na mwenzako, na siku ya mapumziko kamili ni adimu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, ulioanza kutumika Agosti 20, 2013, unampa baharia saa 10 za kupumzika katika kila 24, na zisizopungua 77 kwa wiki. Hiyo ni haki yake, na saa hizo zinatakiwa kuandikwa. Aidai nakala ya rekodi yake.

Hata siku ya bandari si siku ya bure kwao. Mafunzo ya moto na ya kuihama meli ni ya kila wiki, na hupangwa mara nyingi wakati abiria wameshuka kutembea. Kwa hiyo siku utakayokuwa Forodhani, watalii wamejaa vichochoro vya Mji Mkongwe, ukatazama baharini ukaona mashua za rangi ya machungwa zinashushwa ubavuni mwa meli kubwa, zinazungushwa kidogo, kisha zinapandishwa tena bila abiria hata mmoja, hao ndio wapishi, madobi na wahudumu wa vyumba, wako kwenye zoezi la wiki.