Njiti wa miezi minane, maziwa ya njano na maneno mengine niliyoyakuta wodini

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, kilo 1.3. Sikio lake lilikuwa laini kama pindo la khanga: likijikunja linabaki hivyo hivyo mpaka ulinyooshe kwa kidole. Tulikaa wodi ya njiti wiki sita, na humo nilisikia maneno mengi kuliko niliyosikia mimba nzima. Mengi yaliletwa na ndugu waliokuja na uji kwenye chupa ya chai, kwa upendo kabisa. Ila baadhi yake yanaweza kumdhuru mtoto, ndiyo maana nayaandika.

"Wa miezi saba anaishi, wa miezi minane haponi."

Mama wa kitanda cha jirani alikuwa na mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 34, mwezi wa nane. Shangazi yake akamwambia, heri ungejifungua mwezi uliopita. Alilia usiku kucha kwa neno lisilo kweli. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni ni faida kwake, hasa kwa mapafu. Ndani ya mapafu kuna utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi, na kwa kawaida huwa wa kutosha kuanzia karibu wiki ya 34 au 35. Zile sindano anazochomwa mama uchungu ukimwanza mapema ni za kuyakomaza mapafu hayo haraka. Wa minane, basi, ana nafasi nzuri zaidi ya wa saba. Imani hii ni kongwe mno, imo hata katika maandishi ya tiba ya Wagiriki wa kale, lakini ukongwe wake haujampa mtoto yeyote pumzi.

"Kinachomponya ni chupa. Mama asimguseguse."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili liliniumiza. Siku mbili za kwanza nilisimama pembeni ya ile mashine ya joto wanayoiita chupa, mikono nyuma, kama mgeni aliyekuja kuona mtoto wa mtu. Siku ya tatu nesi akaniambia, "Mama, fungua vifungo." Akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na nepi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha akatufunga kwa kitenge. Baada ya muda nikahisi pumzi zake zimeacha kukimbia.

Njia hii ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipoona mashine za joto hazitoshi na watoto wanalazwa kwa kurundikwa. Kwa miaka mingi ilisemwa mtoto asibebwe hivyo mpaka hali yake itulie. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kati ya waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100. Kwa waliosubirishwa, karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza mtoto abebwe hivyo mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Na kifua cha baba kinafaa pia! Mume wangu alikuwa anaingia jioni ili mimi nikaoge na kula.

"Maziwa ya njano ni machafu, mpe maji ya glukosi kwanza."

Hapana. Matone yale ni kinga, na utumbo wa njiti unayahitaji kuliko wa mtoto yeyote, maana ni rahisi kuvimba na kuoza. Mara ya kwanza nilikamua dakika ishirini, nikapata kiasi cha kulowesha ncha ya bomba la sindano. Niliona aibu kuyapeleka. Nesi aliyapokea kwa mikono miwili, akampaka mdomoni. Ni kweli kwamba njiti mdogo bado hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Uwezo huo huja kwenye wiki ya 32 hadi 34. Ndiyo maana hulishwa kwa mpira unaopita puani au mdomoni, kisha kwa kikombe, halafu titi. Cha kumlisha ni maziwa ya mama, yaliyokamuliwa kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku.

"Akiwekewa oksijeni, ndiyo basi tena."

Njiti wengi huwekewa na hutoka salama. Kinachotakiwa ni kipimo, kwa sababu ikizidi inaweza kuharibu mishipa ya macho. Kwa hiyo usiongeze mwenyewe ukiona anahema, mwite nesi. Na kabla ya kuruhusiwa, uliza macho yake yatapimwa lini.

"Uzito unashuka, huyo hachukui muda."

Wangu alishuka hadi kilo 1.19, akarudia uzito wake siku ya 13. Wiki ya kwanza mtoto hupoteza maji, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa baada ya kama wiki mbili.

"Mama alibeba ndoo." Au alirogwa, au alitoka nje ya ndoa, ndiyo maana kazaa njiti. Presha ya mimba, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, mapacha, hivyo ndivyo vinavyojulikana, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa. Ukienda kumtazama mzazi wa njiti, mpelekee chakula, usimpelekee maswali.

"Ana miezi sita na hajageuka, akili imepungua." Toa kwanza wiki alizowahi. Wangu aliwahi wiki kumi, kwa hiyo alipotimiza miezi sita nilimhesabia mitatu na wiki tatu hivi. Chanjo ya wiki ya sita haikusubiri hesabu hiyo: alichomwa kwa tarehe aliyozaliwa, akiwa bado ananing'inia kifuani kwangu ndani ya kitenge kilekile.