Fidla mbili, viola na selo kwenye fremu ya duka

Nikisikia kwamba kundi la muziki wa klasiki limeshuka mtaani, huuliza kwanza: wanaondoka saa ngapi? Wakiondoka jioni hiyohiyo, najua yaliyotokea. Vipande vitatu vifupi shuleni, picha na watoto, gari hilo limeshika barabara. Sina ugomvi na ziara hizo, mwenyewe nimebeba viola yangu, fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, kwenye nyingi tu. Ila kwa maoni yangu kazi ya kwarteti, yaani kundi la wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na selo (ala kubwa na nzito zaidi ya sauti), mtaani inaanza pale majirani wanapokuwa wameshaizoea.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Providence, mji mkuu wa jimbo la Rhode Island, Marekani. Mwaka 1997 mpiga fidla Sebastian Ruth, akiwa ndiyo kwanza amemaliza Chuo Kikuu cha Brown, alianzisha Community MusicWorks katika upande wa mji uitwao West End, wenye familia nyingi za kipato cha chini na wahamiaji wengi. Baadaye kundi lake, Providence String Quartet, likapanga fremu ya duka kwenye barabara ya Westminster na kufanyia mazoezi humo, mpita njia akiwaona kupitia kioo. Watoto wa mtaa huo hawalipi ada, na ala wanapewa. Na wanamuziki wale hawakuwa wa kujitolea baada ya saa za kazi. Kupiga, kufanya mazoezi na kufundisha palepale ndiyo ilikuwa ajira yao.

Kwa nini mazoezi nayo yaonekane? Hapo lazima nieleze kidogo jinsi kwarteti inavyofanya kazi. Orkestra, kundi kubwa la wapigaji, ina kondakta anayesimama mbele na kuwaongoza kwa mikono, sisi hatuna. Kila mmoja ana noti zake peke yake, akikosea hana wa kujificha nyuma yake. Anayeanzisha huinua upinde kidogo huku akivuta pumzi kwa pua, na mwendo wa pumzi ile ndio mwendo wa muziki. Akiivuta kwa pupa, wote wanne tumeanza kwa pupa. Tunafika baa ya nane (baa ni kipande kifupi cha muziki chenye mapigo ya kuhesabika), tunasimama. Mwenye selo anasema tunamkimbiza, fidla ya pili anajibu kwamba yeye ndiye anayechelewa. Tunapiga kwa namna ya huyu, kisha kwa namna ya yule, kisha tunapiga kura, na kura zinatoka mbili kwa mbili. (Aliyeamua tuwe wanne hakufikiria uchaguzi.)

Aliyekata tiketi ya tamasha haoni lolote kati ya hayo. Mtoto anayesubiri zamu yake ya somo pale dukani huyaona yote. Anawaona watu wazima waliosomea kazi hii wakikosa noti, wakibishana bila kutukanana, wakirudia baa nne zilezile mpaka zikae. Kesho mwalimu wake akimwambia arudie, hawezi kudhani ni adhabu ya wanaoanza.

Tena kwarteti haikuzaliwa kwenye kumbi za fahari. Kwa masimulizi ambayo mtunzi wa muziki Haydn alimwachia Griesinger, aliyeandika maisha yake, Haydn alikuwa bado kijana, miaka ya 1750, pale kabaila mmoja, Baron Fürnberg, alipomwalika Weinzierl, Austria. Waliokuwepo walikuwa kasisi wa baron, msimamizi wa mali zake, Haydn mwenyewe na mpiga selo aitwaye Albrechtsberger. Baron akamwomba awatungie kitu cha kupiga wao wanne. Walioweza kupiga ndio hao, basi. Kwa miongo mingi kwarteti zilipigwa majumbani, mara nyingi wapigaji wakiwa ndio wasikilizaji.

Ndiyo maana chumba kidogo kinaifaa, ingawa duka lina vituko vyake. Kioo cha mbele hurudisha ukali wa fidla, hivyo zulia na pazia zito ni lazima, na basi likipita, sehemu ya kunong'ona imeshakwenda. Lakini chukua kwarteti ya Haydn, Opus 76 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Fidla ya kwanza inaingia na noti nne ndefu, mbili mbili, kila jozi ikishuka kwa hatua pana. Noti zile zinatapakaa sehemu yote ya kwanza, mara ziko kwenye selo, mara katikati kwenye viola, mara zimepinduliwa. Mweke mtoto mita mbili kutoka kwetu, mwambie anyooshe kidole kwa kila anayezishika. Kwenye ukumbi wa watu elfu mbili viola ikizipata humezwa. Dukani kidole kinanijia hata kabla sijamaliza noti ya pili.

Mwaka 2010 Ruth alipata tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya fedha ya Marekani kwa watu wabunifu, na kwarteti yenyewe baadaye ilipanuka ikawa kundi kubwa zaidi, MusicWorks Collective. Naelewa sababu: mmoja wa wanne akiugua, hakuna mazoezi, hakuna onyesho, na wanafunzi wake hawana mwalimu.

Wanaotaka kuiga mpango huu huniuliza kwanza bei ya fidla. Fidla za watoto mfadhili atanunua, zinapendeza kwenye picha. Kodi ya fremu nayo hupatikana. Kinachoangusha mipango mingi ni mishahara minne ya mwaka wa pili, sherehe ya uzinduzi ikiwa imeshasahaulika. Hiyo iandikeni juu kabisa ya bajeti, kabla ya viti.