"All the Small Things": yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu wimbo uliokataa kuchuja

Mtu akisema wimbo fulani umechuja, sote tunamwelewa: ulitamba msimu mmoja, ukapigwa kila kona, kisha ukapotea usijue umeishia wapi. Nyimbo nyingi zilizotamba mwaka 1999 zimechuja. "All the Small Things" ya Blink-182 haijachuja, na kila watu wanapojaribu kueleza kwa nini, nasikia maelezo yaleyale ambayo nusu yake si kweli. Wimbo huu naupenda, tena naupenda sana, ndiyo maana nimeona nikae niyapime maneno hayo.

Kwa asiyeufahamu: ni wimbo wa dakika 2 na sekunde 48, wa bendi ya watu watatu iliyoanzia Poway, pembeni mwa San Diego, California. Tom DeLonge anapiga gitaa na kuimba, Mark Hoppus anapiga besi na kuimba, Travis Barker yuko kwenye ngoma. Umo kwenye albamu ya Enema of the State iliyotoka tarehe 1 Juni 1999. Muziki wenyewe huitwa pop-panki: kasi na makelele ya panki, ila utamu wa sauti umetoka kwenye pop. (Panki wengi wetu tuliijua kwanza kwa kinyozi. Ndizo nywele za mashabiki wa panki.)

"Ni wimbo mwepesi, yeyote angeutunga"

Wanaosema hivi huanzia kwenye gitaa, na hapo hawajakosea. Anayejifunza gitaa kwa miezi michache anaweza kuupiga, maana umesimama juu ya kodi tatu (yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja), C, F na G, ambazo mwanafunzi hukutana nazo mapema kabisa. Ila wepesi wa kupiga ni kitu kimoja, na wepesi wa kutunga ni kingine. Bembea ya kumlaza mtoto nayo ni nyepesi kuimba. Jaribu kutunga moja itakayoimbwa na wajukuu zako.

Tuuchukue wimbo huu kama tunavyolichukua shairi, tuhesabu mizani. Jina la wimbo ndilo mstari wa kwanza, na lina mizani 4. Unaofuata una 4. Wa tatu 4, wa nne 4. Mbele kidogo iko michache inayozidi kwa mizani moja, lakini mwendo haubadiliki: maneno mafupi, yamekatwa sawasawa, yanaangukia kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zimefunikwa kwa kiganja ili zisivume. Kiitikio kinapofunguka, gitaa linaachiwa livume lote, na vipande vyake vinne ni mizani 4, 4, 4 na 4. Pumzi moja kwa kila kipande. Mtu aliyekimbia, mtu mwenye mafua, mtu asiyejua kuimba kabisa, wote wanaviweza.

Halafu kuna ubeti wa pili, na hapa ndipo ninapovua kofia. Mwimbaji anarudi nyumbani usiku, kazi imemchosha. Bado tuko kwenye mizani 4 na 4. Mara mistari inarefuka: mpenzi wake amemwachia maua ya waridi kwenye ngazi. Mstari huo una mizani 8. Unaoufuata, unaosema kwamba kwa kushtukizwa hivyo amejua anajaliwa, nao una 8, na vina vya mwisho vinapatana. Mpenzi wa mashairi ya Kiswahili anaijua nane hiyo, ni kipande kizima cha mshororo wa mizani 16. Wimbo ambao muda wote ulikuwa unahema kwa kifupi unavuta pumzi ndefu mahali pamoja tu, pale palipo na jambo dogo lenye upendo ndani yake. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anafanya nini.

Maua hayo hayakubuniwa. DeLonge alikuwa anarudi nyumbani usiku kutoka studio, na mpenzi wake wa wakati ule, ambaye baadaye alimwoa, alimwekea waridi kwenye ngazi. Wala wimbo haukudondoka kwa bahati. DeLonge mwenyewe ameeleza kwamba alijua kampuni ya kurekodi itataka wimbo wa kupigwa redioni, akakaa akauandika akiwa na shabaha hiyo. Kuna mashabiki wanaoona aibu kusikia hivyo. Mimi sioni aibu iko wapi. Fundi anayeambiwa atengeneze kiti, akatengeneza kiti kinachokaliwa miaka 25, amefanya kazi yake.

Na hakuwa peke yake. Mtayarishaji alikuwa Jerry Finn, ambaye alishiriki kuchanganya sauti za Dookie ya Green Day mwaka 1994, albamu iliyoifungulia panki milango ya redio kubwa za Marekani. Finn alijua namna ya kuacha gitaa liwe zito bila kumfunika mwimbaji. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 39, na jina lake halitajwi inavyostahili wimbo huu unapozungumzwa. Tom Lord-Alge ndiye aliyechanganya sauti za mwisho za albamu. Barker naye alikuwa mgeni, amejiunga mwaka uliotangulia, 1998, kuchukua nafasi ya Scott Raynor. Sikiliza Dude Ranch, albamu yao ya 1997, kisha usikilize hii, utazisikia ngoma zikibadilisha bendi nzima.

"Panki ya kweli haiimbi mapenzi"

Dhana hii ina umri mkubwa kuliko wimbo. Inasema panki ni hasira na siasa, kwa hiyo vijana hawa wa California waliichukua silaha wakaigeuza pipi.

Historia haikubali. Ramones, waliotoka Queens, New York, mwaka 1974 na kutoa albamu ya kwanza 1976, walipenda waziwazi nyimbo tamu za redio za miaka ya 1960, na nyimbo za mapenzi walizipiga tangu mwanzo. Mwaka 1980 albamu yao End of the Century ilitayarishwa na Phil Spector, yuleyule aliyetengeneza nyimbo za makundi ya wasichana miaka hiyo ya 1960. Buzzcocks wa Manchester walikuwa wanaimba maumivu ya kumpenda mtu asiyekufaa mwaka 1978. Descendents, nao wa California, walitoa Milo Goes to College mwaka 1982 wakiimba habari za wasichana, wazazi na upweke wa shule, na Blink-182 hawajawahi kuficha kwamba huko ndiko walikojifunzia. Pop ilikuwemo ndani ya panki tangu siku ya kwanza.

Hata ile "na na na" inayochekwa ina ukoo. DeLonge amesema aliiweka kwa heshima ya Ramones. Na mimi naona ndiyo moyo wa wimbo. Neno letu kiitikio limebeba kuitika ndani yake: mmoja anatoa, wengine wanaitika. Ngoma bila waitikiaji haijakamilika, hata mghani awe hodari kiasi gani. "Na na na" ni nafasi iliyoachwa wazi makusudi ili asiyejua neno hata moja la Kiingereza naye aitike.

"Kwenye video waligeuka makundi ya wavulana wacheza dansi"

Kijana anayeiona video leo bila kujua mazingira yake anaweza kudhani ndivyo. Wamevaa nguo nyeupe, nyuma yao imeegeshwa ndege, wanacheza kwa mpangilio, mara wako ufukweni wanagaagaa mchangani. Mwongozaji, Marcos Siega, alikuwa anaiga video za wakati ule: "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, "Genie in a Bottle" ya Christina Aguilera, "Sometimes" ya Britney Spears. Ilikuwa dhihaka.

Ila upande wa pili wa dhana hiyo nao si kweli, yaani kwamba dhihaka iliwatenga na hao waliokuwa wakidhihakiwa. Mambo yalikwenda kinyume. Video ilipigwa mfululizo MTV, katika vipindi vilevile, mbele ya vijana walewale waliokuwa wanapiga kelele kwa Backstreet Boys, na mwaka 2000 ikashinda tuzo ya MTV ya video bora ya kundi. Vijana wale waliucheka utani, kisha wakabaki kwa ajili ya wimbo.

Na ile video ya kukimbia uchi mitaani? Hiyo ni ya "What's My Age Again?", wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo, mwongozaji huyohuyo. Watu huzichanganya kila siku.

"Ulishika namba moja duniani"

Haukushika. Kwenye chati kuu ya Marekani, Billboard Hot 100, uliishia nafasi ya 6 mwanzoni mwa mwaka 2000. Uingereza ulifika ya 2. Kileleni ulifika kwenye chati ya redio za roki mbadala za Marekani. Hadi leo ndio wimbo pekee wa Blink-182 uliowahi kuingia kumi bora ya Hot 100. "I Miss You", ambao leo unaimbwa karibu kwa kiwango hichohicho, uliishia nafasi ya 42. Chati hupima wiki moja, na wimbo huu nguvu yake imekuwa ya masafa marefu.

"Unaishi kwa sababu ya wazee wanaokumbuka ujana wao"

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inasikika kama busara.

Niliusikia Denver, ndani ya Ball Arena, viti vya juu kabisa ambako wachezaji wanaonekana wadogo kama njugu. Ilikuwa mechi ya hoki ya barafu, Colorado Avalanche wako nyumbani. Mchezo una vipindi vitatu, na tulikuwa kwenye cha tatu. Mchezo ukasimama kidogo, DJ akaupiga wimbo. Watu wakaanza taratibu. Mwamuzi alipokiachia kile kisahani cheusi kati ya wachezaji wawili, muziki ukakatwa, maana ndiyo sheria: mchezo ukianza, spika zinanyamaza. Ukumbi haukunyamaza. Maelfu ya watu waliendelea na kiitikio bila gitaa wala ngoma, huku chini wachezaji wanakimbizana na vyuma vya viatu vinakwaruza barafu. Mbele yangu alikaa mtoto wa miaka tisa hivi, amesimama juu ya kiti, mama yake kamshika kiunoni, na neno hakukosa hata moja. Mwaka 1999 mtoto huyo hana kumbukumbu nao yoyote.

Desturi hiyo ilishika mizizi msimu wa 2019–20, wimbo ukiwa tayari na umri wa miaka ishirini. Mwaka 2022 Avalanche walipochukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi ya hoki, kwa kuwafunga Tampa Bay Lightning katika mechi sita, wimbo ulikuwa umeshakuwa wao. Hakuna aliyewapangia. DJ alizima muziki, watu wakaitika.

Tena tazama bendi yenyewe ilivyopita katika miaka hiyo. Walivunjika 2005. Mwaka 2008 Barker aliponea chupuchupu katika ajali ya ndege iliyoua watu wanne. Walirudiana 2009, DeLonge akaondoka tena 2015, Matt Skiba akashika nafasi yake. Mwaka 2021 Hoppus alitangaza kwamba ana saratani, akatibiwa akapona. DeLonge alirejea Oktoba 2022, wakapanda jukwaani pamoja kwenye tamasha la Coachella Aprili 2023, na mwaka huohuo albamu yao One More Time... ikashika namba moja Marekani. Kumbe kwa miaka mingi wimbo ulikuwa unatembea bila bendi kamili ya kuusukuma. Walioubeba ni watu wa kwenye harusi, baa, viwanja na magari.

"Hapo kwenye kinu cha upepo nimesikia vibaya"

Swali hili naulizwa na watu wengi kuliko yote. Karibu na mwisho wa wimbo, DeLonge anamwambia mpenzi wake kwamba usiku utaendelea, kisha anamwita kitu ambacho masikio yanakataa: kinu changu kidogo cha upepo. Watu wazima wenye akili zao wameimba miaka 20 wakipapasapapasa hapo kwa sauti ya chini, wakiamini maneno halisi ni mengine na wao tu ndio hawakuyapata.

Maneno ni hayohayo, ndivyo yalivyoandikwa. Ni kinu cha upepo, ni mpenzi wake, na mizani zimekaa vizuri. Ukifika hapo paza sauti.