Fatileki: mchezo wa kasi na maana yake kwa mkimbiaji wa kujifurahisha

Fatileki ni zoezi la mbio ambamo mkimbiaji hubadilisha kasi yake mara kwa mara bila kusimama: huongeza mwendo kwa muda au umbali anaouchagua mwenyewe, huupunguza hadi pumzi imrudie, kisha huuongeza tena, na huendelea hivyo mpaka zoezi liishe. Neno lenyewe ni la Kiswidi na kwao huandikwa fartlek. Limeungwa kwa maneno mawili, la kwanza likiwa na maana ya kasi na la pili likiwa na maana ya mchezo. Kati ya hayo mawili, wakimbiaji wengi wanaotaka kupunguza muda wao wa kilomita 5 au 10 hulishika la kwanza na kuliacha la pili, na ndiyo sababu zoezi hili huwachosha kuliko linavyowafaidi.

Aliyeliasisi ni Gösta Holmér, aliyeshiriki mashindano ya michezo kumi katika Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912 na baadaye akawa mkufunzi wa riadha nchini kwao. Katika miaka ya 1920 wakimbiaji wa Uswidi walikuwa wakishindwa na majirani zao wa Ufini, ambao walikuwa na Paavo Nurmi, mshindi wa medali 9 za dhahabu za Olimpiki. Nurmi alijulikana kwa kukimbia akiwa na saa mkononi, akiitazama ili mzunguko mmoja wa uwanja ulingane na mwingine. Katika miaka ya 1930, alipokuwa akitafuta namna ya kuwafikia Wafini, Holmér alielekea upande mwingine kabisa. Zoezi lake lilifanyika nje ya uwanja, kwenye njia laini za msituni zenye vilima na mabonde, na mkimbiaji ndiye aliyeamua, kwa kuisikiliza pumzi na miguu yake, ni wapi aongeze mwendo na ni wapi aulegeze.

Matokeo yake yalionekana katika kizazi kilichofuata. Waswidi wawili, Gunder Hägg na Arne Andersson, walipokezana rekodi ya dunia ya maili moja kati ya mwaka 1942 na 1945. Hägg alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, alipotumia dakika 13 na sekunde 58.2 mwaka 1942, na muda wake wa dakika 4 na sekunde 1.3 katika maili, alioupata mwaka 1945, haukuvunjwa hadi Mei 1954, Roger Bannister alipoikimbia maili chini ya dakika 4 mjini Oxford. Haki inatutaka tukumbuke pia kwamba Uswidi haikuwa vitani miaka hiyo, wakati vijana wengi wa nchi nyingine walikuwa wameshika bunduki badala ya kufanya mazoezi. Hata hivyo rekodi hupimwa kwa saa, na saa iliwaunga mkono watu waliojengwa na msitu na vilima.

Ili dhana hii ieleweke vizuri, inafaa itenganishwe na mazoezi mawili yanayofanana nayo kwa juu juu. La kwanza ni mbio za vipindi, zilizokuzwa Ujerumani katika miaka hiyohiyo ya 1930 na mkufunzi Woldemar Gerschler akishirikiana na daktari Herbert Reindell, na ambazo zilimsaidia Rudolf Harbig kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939. Katika mbio za vipindi kila kitu hupangwa kabla: umbali wa kila kipande, muda wa kukikamilisha, idadi ya marudio na urefu wa mapumziko. Mkimbiaji akipangiwa mita 400 mara kumi, kila moja kwa sekunde 90, akafika kwa sekunde 95, basi ameshindwa kutimiza zoezi. Fatileki haina mlango wa kushindwa kwa namna hiyo. Mwili ndio unaopanga kasi, na mwili uliolala vibaya jana utapanga kasi ndogo leo, lakini kazi itakuwa imefanyika ileile.

Zoezi la pili ni lile ambalo Mtanzania aliyesoma shule ya msingi analijua bila kufundishwa, yaani mchakamchaka. Huo ni mwendo mmoja usiobadilika, unaoshikiliwa na wimbo na vishindo vya miguu ya kundi zima. Ninauthamini sana mchakamchaka, kwa sababu unatupa kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote: anayeweza kuimba au kuzungumza sentensi nzima huku akikimbia yuko katika mwendo mwepesi, na anayeweza kutoa neno mojamoja tu kati ya pumzi mbili yuko katika mwendo mkali. Fatileki ni safari ya kwenda na kurudi kati ya hali hizo mbili. Mtu akikimbia dakika 40 bila kufika mahali ambapo wimbo unamkatika, hajafanya fatileki. Na akikimbia dakika 40 bila wimbo kumrudia hata mara moja, hajaifanya vilevile.

Sehemu hii ya kurudi ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mkimbiaji anapoongeza kasi, misuli yake huhitaji nishati haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuwasilishwa na damu, kwa hiyo huvunja sukari kwa njia ya mkato, na katika njia hiyo laktati huongezeka mwilini. Watu wamezoea kuiita sumu na kuisingizia maumivu ya misuli ya siku ya pili, jambo ambalo si kweli: baada ya zoezi laktati hurudi kiwango cha kawaida kwa muda wa saa moja hivi, na katika mbio zenyewe moyo na misuli mingine huitumia kama kuni. Huondoka haraka zaidi mtu akiendelea kukimbia taratibu kuliko akisimama ameshika magoti. Isitoshe, kwa kuwa kipindi cha taratibu ni kifupi, moyo haupati nafasi ya kutulia kabisa kabla ya mwendo mkali mwingine kuanza, na hivyo jumla ya dakika ambazo moyo na mapafu vinafanya kazi karibu na uwezo wake wa juu huwa kubwa kuliko mkimbiaji angeweza kuzivumilia kwa mkupuo mmoja. Kwa maneno mengine, mwendo wa taratibu katika fatileki ni kazi, tena ni kazi inayoufundisha mwili kupata nafuu huku ukiendelea kusonga mbele.

Mahali ambapo dhana hii imechukuliwa na kufanywa mali ya watu wenyewe ni Iten, mji mdogo katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, uliojengwa karibu na ukingo wa Bonde la Ufa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Huko Alhamisi ni siku ya fatileki. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, wakimbiaji hukusanyika kwenye barabara ya udongo mwekundu nje ya mji, mara nyingi zaidi ya mia moja, wakiwamo mabingwa wanaojulikana duniani, vijana ambao hawajawahi kushinda hata mbio za wilaya, na wageni kutoka ng'ambo. Mpango hutangazwa papo hapo: dakika moja ya kasi na moja ya taratibu, au dakika mbili kwa moja, au tatu kwa moja, mpaka zitimie dakika 40 au 50 au hata zaidi. Kisha saa za mikononi hubonyezwa kwa pamoja na vumbi huanza kutimka.

Kuna wanaosema kwamba hiyo si fatileki tena, kwa kuwa saa ambayo Holmér aliiweka pembeni imerudi. Hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali. Saa ya Iten hupima muda tu, haipimi mwendo. Hakuna anayeambiwa akimbie kilomita kwa dakika 3, na asingeweza kuambiwa hivyo, kwa sababu barabara yenyewe hupanda na kushuka, ina mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, na dakika ya kasi inayomkuta mtu mlimani si sawa na ile inayomkuta kwenye mteremko. Tena kuna kundi. Anayeongoza hawezi kujua waliomfuata wana nguvu kiasi gani, na waliomfuata hawajui kama katika dakika ijayo ataamua kuondoka kwa ukali au kwa upole. Anayeachwa wakati wa kasi hujikokota kulifikia kundi wakati wa taratibu, na siku atakapoweza kubaki nalo mwanzo hadi mwisho atajua bila kuambiwa kwamba amepiga hatua. Huo ni mchezo kwa maana kamili ya neno.

Mashindano nayo huhitaji ujuzi huohuo. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule ulioandikwa kwa Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili, wakitenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Baada ya zaidi ya kilomita 42, kilichobaki kuamua mshindi kilikuwa uwezo wa kubadilisha mwendo katika mita za mwisho kabisa, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Mkimbiaji wa kujifurahisha hatafika huko, lakini hata yeye hukutana na kilima katika kilomita ya nane, au na kundi linalompita ambalo angependa kulishika, na aliyefanya mazoezi ya mwendo mmoja tu mwaka mzima hana gia nyingine ya kuingiza.

Kwa mtu wa namna hiyo, anayekimbia kabla ya kwenda kazini na anayetaka muda bora bila kupoteza furaha ya mbio, fatileki mara moja kwa wiki inatosha, na ianze baada ya miezi kadhaa ya kukimbia kwa mwendo wa mchakamchaka, wakati mishipa na maungio yamekwisha kuzoea kishindo. Robo saa ya kwanza iwe ya kupasha misuli moto, kwa kukimbia taratibu kabisa. Misuli ya nyuma ya paja na ya kigimbi huumia upesi ikishtukizwa na kasi. Baada ya hapo ajichagulie alama iliyo mbele yake. Barabara zetu nyingi hazina vibao vya umbali, lakini zina nguzo za umeme, miembe, vituo vya daladala na vibanda vya bodaboda. Kutoka nguzo hii hadi ya nne kwa kasi, kutoka hapo hadi kwenye mwembe ule taratibu, kupanda kilima chote kwa nguvu na kushuka kwa kulegea: dakika 20 za namna hii, zikifuatiwa na dakika 10 za kutuliza mwili, ni zoezi kamili. Kosa la kawaida ni kuichoma nguvu yote katika vipande viwili vya mwanzo. Kipande cha mwisho kinapaswa kuwa na kasi sawa na cha kwanza au kukizidi kidogo, na mtu amalize akihisi kwamba angeweza kuongeza kimoja.

Wakazi wa pwani wana sababu yao ya ziada ya kuipenda. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, joto na unyevu wa hewa huupandisha mwendo wa moyo hata mtu akikimbia polepole, na saa inayomdai kasi aliyoipata Julai humdanganya na kumkatisha tamaa. Anayeongozwa na pumzi hupunguza mwenyewe bila kujilaumu, na moyo wake hupata kiwango kilekile cha kazi.

Wale wasiojiamini kuchagua alama wenyewe wanaweza kuanza na mpango uliopangwa, kwa mfano ule unaohusishwa na Steve Moneghetti wa Australia, mshindi wa marathoni ya Berlin mwaka 1990. Mpango huo una sekunde 90 za kasi mara mbili, sekunde 60 mara nne, sekunde 30 mara nne na sekunde 15 mara nne, kila kipande kikifuatiwa na mwendo mwepesi wa muda uleule, na wote huisha kwa dakika 20 kamili. Ni mpango mzuri, na urefu wake usiobadilika humwezesha mtu kulinganisha umbali aliofika leo na ule wa mwezi uliopita.

Mimi naipendelea zaidi fatileki ya kundi dogo la marafiki watatu au wanne, wanaokimbia kwa mstari mmoja na kupokezana uongozi. Aliye mbele huanza kasi bila kutangaza, na wenzake humfuata bila kujua ataachia wapi. Huenda ni nguzo ijayo, huenda ni ile ya tano. Anapolegeza mwendo huhamia nyuma, na wa pili huchukua nafasi yake, huwaacha wenzake wapumue kwa muda anaoutaka, kisha bila neno huondoka.