Unameza melatonini kwa ajili ya stresi? Soma hii kwanza

Siku hizi kitengoni kwetu tunaulizwa sana, eti melatonini inashusha stresi? Mimi huwa naanza na giza. Ndani ya ubongo kuna katezi kadogo kama punje ya mchele, giza likiingia kanamwaga melatonini kwenye damu kuuambia mwili usiku umefika, mwanga ukipiga macho kanakata. Kwa hiyo sio dawa ya kukulaza kwa nguvu kama wengi wanavyodhani, ni taarifa tu.

Stresi nayo ina homoni yake, kotisoli, inatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Hizi mbili zinapishana, kotisoli inakuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane halafu inapanda kuelekea alfajiri. Sasa mtu mwenye mawazo saa nane usiku yuko macho, moyo unadunda, simu iko usoni, ule mwanga unakandamiza melatonini yake mwenyewe na asubuhi anaamka kachoka, kila kitu kinamkera. Hapo kidonge kinaweza kusaidia, kwa kurudisha saa ya mwili, yaani ule mpangilio wa ndani wa kulala na kuamka, mahali pake, maana ukilala vizuri hata stresi unaihimili. Wagonjwa wanaosubiri operesheni pia, tafiti zimeonyesha wakipewa melatonini wasiwasi unapungua kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini huo ni wasiwasi wa saa chache jamani, sio wa madeni au ndoa unaomtafuna mtu miezi sita.

Kwenye dozi ndio watu wanajiumiza. Mtu anameza miligramu 10, akiona usingizi haujaja anaongeza, wakati hata nusu miligramu inaweza kusogeza saa ya mwili ikimezwa saa chache kabla ya kulala. Ukimeza usiku umeshaenda, asubuhi kichwa kizito.

Na chupa zenyewe sasa! Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya bidhaa 31, kuna iliyopungua asilimia 83 ya kiasi kilichoandikwa na kuna iliyozidi kwa asilimia 478, halafu 8 zilikuwa na serotonini ndani, kemikali nyingine ya mwili inayogusa hisia, kitu ambacho mnunuzi hakuambiwa.

Kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za presha, au una mimba, ongea na daktari kabla hujaanza. Na kama unalala usiku mzima lakini ukiamka bado kifua kinabana kwa mawazo, usiongeze kidonge, njoo tuongee.