Kabla hujashika jembe: tunayoyaamini kuhusu magugu bustanini

"Gugu ni gugu, ling'oe." Wengi tulilishwa hili tangu shamba la shule, na ndiyo dhana iliyotugharimu zaidi. Mchicha pori, mnavu, mgagani na mlenda hujiotea wenyewe kwenye mahindi mvua zikianza, hupaliliwa asubuhi, na jioni mtu huyohuyo hutoa hela kununua fungu la mboga sokoni. Nairobi, terere, managu na saga (ndivyo wanavyoita huko mchicha, mnavu na mgagani) zilizokuwa zikidharauliwa kuwa chakula cha maskini sasa zimo kwenye rafu za supamaketi. Pale Arusha, kituo cha World Vegetable Center kinahifadhi na kuboresha mbegu za mboga hizihizi ambazo bado kuna watu wanazifyeka.

"Mnavu una sumu." Kuna chembe ya ukweli. Vitunda vyake vikiwa bado vya kijani vina sumu iitwayo solanini, na hivyo havifai kabisa kuingia sufuriani. Kinacholiwa ni majani. Chuma yale machanga, ondoa vitunda vyote, chemsha, umwage maji ya kwanza ili uchungu upungue, kisha uunge kwa maziwa au karanga. Anayelalamika kwamba mnavu ni mchungu mara nyingi amechuma uliokwisha kukomaa.

"Majani yanaleta mbu, uwanja uwe mweupe." Mbu hutaga kwenye maji, si kwenye majani. Anaweza kupumzika kichakani mchana, kwa hiyo usiache kichaka chini ya dirisha, lakini kufyeka kila kitu huku tairi lenye maji limekaa nyuma ya choo ni kujichosha bure. Hofu ya nyoka naielewa zaidi: majani marefu yasisogee mlangoni wala kwenye njia ya kwenda bombani. Ila uwanja uliofagiliwa ukabaki udongo mtupu nao una hasara yake. Matone ya masika huupiga mpaka juu pakafanya gamba, na maji yaliyopaswa kuzama yanateremka kwa jirani pamoja na udongo wako.

"Magugu hunyonya mbolea yote." Inategemea ni gugu gani, na lini. Wiki za mwanzo mahindi hayavumilii mashindano, na kitunguu hakivumilii hata kidogo, kwa hiyo hapo palilia bila huruma. Ndago wala usiikaribishe: vitunguu vyake vidogo vimeungana chini kwa nyuzi, jembe likikata uzi kila kimoja kinachipua peke yake. Kiduha ni kibaya zaidi, maana hung'ang'ania mizizi ya mahindi au mtama, na ukiona ua lake la zambarau ujue kazi imekwisha kufanyika chini ya ardhi. Alizeti pori, kwa upande mwingine, inarudisha rutuba. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni kama asilimia 3.5. Kata matawi mabichi kabla hayajachanua, uyafukie kwenye tuta kabla ya kupanda.

Kishonanguo nakiachia kona ya uzio. Nyuki wanakipenda, na majani yake machanga huliwa sehemu nyingi. Tazama mbegu moja kwa karibu: kijiti cheusi chenye ncha mbili au tatu, kila ncha ina vijimiba vinavyotazama nyuma, ndiyo maana ikiingia kwenye pindo la kanga haitoki kwa kupangusa. Mche mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, kwa hiyo ukate maua yakianza kunyauka.

"Kilichoota chenyewe ni cha asili, hakina madhara." Hii nayo ni hatari. Mnanaha, wenye ua jeupe refu na tunda la miiba, huota palepale penye mboga, na miche yake ikiwa midogo ni rahisi kuichuma bila kujua. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiliwa na mbegu zake kiliwafanya takriban watu 300 waugue, na baadhi yao wakafa. Mchicha ulioota kando ya barabara kuu au mtaro wa maji machafu uache hapohapo, hata ukinawiri vipi. Na gugu karoti, lile la viua vidogo vyeupe, huwasha ngozi na kuamsha pumu. Vaa glovu uling'oe kabla halijachanua, na likishatoa mbegu usilitie kwenye mboji.