Kwa nini aliyejifungua jana hufungwa kizazi kupitia kitovuni?

Saluni moja Sinza, dada aliyekuwa anasukwa alisimulia kwamba wifi yake kafungwa kizazi siku moja tu baada ya kujifungua, na kidonda kiko chini ya kitovu. Msusi akasimamisha kitana. "Kitovuni? Si kizazi kiko huku chini?"

Kwa siku za kawaida, msusi yuko sahihi. Mfuko wa uzazi hukaa ndani ya nyonga, nyuma ya kibofu. Ila mtoto akishatoka, haurudi huko mara moja. Siku ya kwanza kilele chake kiko usawa wa kitovu, kisha hushuka kama sentimita moja kila siku. Mirija ya kupitisha yai, ambayo ndiyo hufungwa hasa, imeshikana na pembe zake za juu, nayo iko hukohuko, na ukuta wa tumbo hapo kitovuni ni mwembamba. Daktari hupasua sentimita chache tu, mara nyingi kwa ganzi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa ndani ya saa 48, au angalau wiki ya kwanza. Ukichelewa, unasubiri hadi wiki ya sita na unapasuliwa chini, karibu na kinena. Aliyejifungua kwa operesheni hufungiwa humohumo kabla ya kushonwa, mradi aliridhia mapema, si katikati ya uchungu, maana kufungua tena ni kazi kubwa isiyo na uhakika.

Jina lenyewe linapotosha, kwani kizazi hakifungwi. Daktari huvuta mrija, laini kama tambi iliyoiva, na kuufuata hadi kwenye vidole vyake vya kudaka yai. Asipoviona, anaweza kufunga kano ya jirani akadhani ni mrija. Kisha huukunja kitanzi, hufunga shina kwa uzi, hukata kitanzi. Hii ndiyo mbinu ya daktari Pomeroy wa Brooklyn, Marekani, iliyochapishwa na wenzake mwaka 1930 akiwa keshafariki.

Ungedhani uzi huo ni wa kudumu. Kumbe ni ule unaoyeyuka! Ukiisha, ncha mbili za mrija huachana, kila moja hupona na kuziba peke yake. Zingebaki zimebanwa pamoja, zingeweza kutoboana njia mpya. Hutokea hata hivyo, mara chache: utafiti wa Marekani wa mwaka 1996 ulikuta kama wanawake 7 au 8 kati ya 1,000 waliofungwa baada ya kujifungua walishika mimba ndani ya miaka 10.

"Na damu ya mwezi itapita wapi?" msusi aliuliza. Palepale. Inatoka kwenye mfuko, haipiti mrijani. Yai nalo huendelea kupevuka, likikosa njia mwili hulifyonza.